Programu huria au programu funge ndani ya ndege: jinsi ya kuamua kabla mkaguzi hajakaa mezani

Fundi mpya akiingia kwenye kazi ya programu za ndege huja na ubishi wake mfukoni. Mmoja atakuambia programu huria, ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa kila mtu, ndiyo salama, maana macho mengi yanaitazama. Mwingine atasema funge, ile ambayo mwenyewe ameuficha msimbo wake, ndiyo salama, maana kuna kampuni yenye jina ya kushikwa shati mambo yakiharibika. Watabishana mpaka chai ipoe. Kisha mkaguzi wa mamlaka ya anga ataingia, ataweka begi lake chini na kuuliza kitu kimoja tu: ushahidi uko wapi?

Hati inayotawala kazi hii ni DO-178C, iliyotolewa na RTCA, shirika la viwango vya anga la Marekani, Desemba 2011. Ulaya inaitwa ED-12C. Mamlaka za anga za Marekani na Ulaya, yaani FAA na EASA, zinaikubali kuwa njia ya kuonyesha kwamba programu ya ndani ya ndege inafaa kurushwa. Haiipendelei huria wala funge. Inataka mahitaji yaliyoandikwa, msimbo unaoyafuata, majaribio yanayoyathibitisha, na uzi unaoonekana kutoka kimoja hadi kingine. Programu huria inakupa msimbo bila makaratasi. Funge inakuuzia makaratasi bila msimbo, na wakati mwingine hata makaratasi hayaji yote. Kwa hiyo unapochagua, unachagua nusu ipi utaitafuta mwenyewe kwa jasho.

Naandika nikiifikiria timu ndogo inayotengeneza kifaa cha kufungwa ndani ya ndege, ambamo mtu mmoja ameshaona mtandaoni maktaba nzuri, yaani rundo la msimbo uliokwisha kuandikwa, na anauliza, "Kwa nini tuandike upya kitu ambacho kipo?" Swali lake ni zuri. Lijibuni kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Anza na madhara

Usiufungue ukurasa wa maktaba bado. Kwanza jua kifaa chako kikikosea ni nani ataumia. Wahandisi wa usalama wa mfumo hufanya tathmini hiyo, kwa kawaida kwa kufuata miongozo ya ARP4754 na ARP4761 ya SAE, jumuiya ya wahandisi, na mwisho wake kila kipande cha programu hupewa herufi:

A: kosa lake laweza kuiangusha ndege. Malengo ya kutimiza ni 71.
B: hatari kubwa, baadhi ya watu wanaweza kufa au kujeruhiwa vibaya. Malengo 69.
C: marubani wanazidiwa na kazi, usalama unapungua waziwazi. Malengo 62.
D: usumbufu mdogo. Malengo 26.
E: haigusi usalama. Hakuna lengo hata moja.

Liangalie pengo la C na D, maana hapo ndipo bajeti nyingi hufia. Kwenye D unaipima programu kwa nje: inafanya kile mahitaji ya juu yanachosema, au haifanyi? Hakuna atakayekudai ukague msimbo mstari kwa mstari. Kwa hiyo programu funge iliyokuja bila makaratasi yaweza kupenya D, kisha ikagonga ukuta kwenye C, ambako lazima uonyeshe kwamba majaribio yako yamepita katika kila kauli ya msimbo. Utaonyeshaje msimbo ambao hujawahi kuuona?

Herufi hii ndiyo inayoeleza kwa nini Linux, mfumo endeshi wa huria, iko ndani ya ndege nyingi na bado hakuna anayeikabidhi usukani. Skrini za burudani nyuma ya viti, nyingi zinaendeshwa kwa Linux. Skrini ikizima, abiria atalala. Lakini kiini cha Linux kimeshapita mistari milioni 30, na kuipeleka mistari hiyo mpaka kiwango cha A kwa njia ya kawaida ni kazi ambayo sijaona mtu mwenye akili timamu akiitolea bei. Upo mradi wa ELISA, ulioanzishwa chini ya Linux Foundation mwaka 2019, unaotafuta njia ya kuitumia Linux kwenye mifumo inayogusa usalama. Ufuatilie, ila usiuandike kwenye ratiba ya mwaka huu.

Kabla hatujasonga, nikumbushe jambo moja kuhusu herufi hizi. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, iliyokuwa inakuja Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kuruka Addis Ababa. Waliokufa ni 157, Wakenya wakiwa 32. Miezi mitano nyuma, 737 MAX nyingine ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua 189. Programu iliyohusika, MCAS, ilikuwa funge kama programu nyingine zote za aina yake, na baada ya ajali nilisikia watu wengi wakisema ingekuwa huria tusingefika pale. Siamini. Hata msimbo wake ungebandikwa ukutani stendi ya basi, msomaji angeona programu tiifu: kihisi kimoja kikisema pua imeinuka mno, shusha pua. Kosa lilikaa juu ya msimbo, katika kutathmini nini kitatokea kihisi hicho kikidanganya na marubani wakashindwa kujua ni nini kinachowasukuma chini. Hatua hii ya kwanza ikikosewa, zilizobaki zote mtazifanya kwa usahihi mkubwa bila faida.

Hatua ya 2: Inaruka, au inabaki chini?

Hapa watu hujisumbua bure. Wanasikia "uidhinishaji" na kudhani kila programu iliyoko ofisini lazima ipewe cheti, kuanzia kompaila (zana inayougeuza msimbo kuwa maelekezo ya mashine) hadi kihariri cha maandishi. Sivyo. Zana inahitaji kuthibitishwa rasmi pale tu inapochukua nafasi ya kazi ambayo mtu angeifanya, na hakuna anayeyakagua matokeo yake baadaye.

Chukua kompaila ya GCC. Ni huria, na hutumika sana. Inatafsiri msimbo wako, lakini tafsiri yenyewe mtaipima kwenye kompyuta halisi ya kifaa, kwa hiyo kompaila ikikosea majaribio yanatarajiwa kuikamata. Kwenye kiwango cha A kuna sharti la ziada: ikiwa kompaila imeongeza maelekezo ambayo hayana mstari wake kwenye msimbo chanzo, inabidi myahakiki hayo kivyake. Basi.

Sasa chukua gcov, zana huria inayohesabu ni mistari gani majaribio yameipitia. Ukimwambia mkaguzi "tumefikia asilimia 100, gcov imesema", na hakuna aliyehesabu tena kwa mkono, hapo zana imekuwa shahidi, na shahidi lazima ahojiwe. Kuna ngazi 5 za kuhoji zana, ziitwazo TQL, zimeelezwa kwenye hati ya DO-330, na hii inaangukia TQL-5, iliyo nyepesi kuliko zote. Unaandika unachotarajia zana ifanye katika mazingira yenu, unaijaribu kwa mifano unayojua jibu lake, ikiwemo mifano ambayo inapaswa kulalamika, na unatunza matokeo. Tumbo la zana halifunguliwi. Kwa hiyo kwenye TQL-5 huria na funge wanasimama sawa, na ushauri wangu ni kutumia huria, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Mambo hugeuka kwa zana zinazozalisha msimbo unaopanda ndegeni bila kukaguliwa. Kwa programu ya kiwango cha A, zana ya namna hiyo inadaiwa TQL-1, ngazi nzito kuliko zote, mzigo unaokaribia ule wa programu ya ndege yenyewe. Kama mnaingia huko, nunueni. SCADE, kwa mfano, huuzwa pamoja na ushahidi wa kizalishaji chake cha msimbo, na bei yake, hata kama inauma, ni ndogo kuliko kuupika ushahidi huo nyumbani.

Hatua ya 3: Omba ushahidi kabla hujaomba bei

Kwa kila programu itakayopanda ndegeni, huria au funge, uliza hivi na uandike majibu. Mahitaji yake yameandikwa wapi, na nani aliyaidhinisha? Majaribio yamefungwa kwenye mahitaji hayo, au ni majaribio tu? Yamefikia kiwango gani cha kuupitia msimbo, kwa kichakataji kipi? Hitilafu zinazojulikana ziko wapi, na ni nani mwenye haki ya kuziona?

Kwa mifumo endeshi ya wakati halisi, ile inayolazimika kujibu ndani ya muda uliopangwa, soko limeshajibu. VxWorks 653, INTEGRITY-178, LynxOS-178, Deos na PikeOS zote huuzwa zikiwa na makasha ya ushahidi wa DO-178C, na ndiyo maana timu nyingi hazitafuti huria upande huo. Mnalipia makaratasi zaidi ya mnavyolipia msimbo.

Lakini iko njia ya tatu, na mfano wake bora ni SQLite. Hii ni hifadhidata ndogo iliyomo kwenye simu yako sasa hivi. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, baada ya kufanya kazi ya programu za manowari ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Msimbo wake ni mali ya umma kabisa, hata leseni haina. Airbus wamethibitisha kwamba imo kwenye programu za ndege yao ya A350, na wenye SQLite wamejipangia kuitunza hadi mwaka 2050. Sasa tazama walivyofika huko. Toleo la 3.42 la Mei 2023 lina mistari ya C kama 155,800, na msimbo wa majaribio ulio mara 590 ya huo. Rundo la majaribio linaloufikisha msimbo kwenye asilimia 100 ya MC/DC, kipimo cha majaribio kinachodaiwa kwenye kiwango cha A (nitakieleza Hatua ya 4), linaitwa TH3, na TH3 si huria. Isitoshe, wenyewe hawapokei msimbo kutoka kwa yeyote anayepita. Ni kama duka lililoacha mlango wazi na bidhaa bure, ila kaunta ya risiti imefungwa kwa kufuli.

Kampuni ya AdaCore inafanya biashara ya jamii hiyo kwa lugha ya Ada: kompaila yake, GNAT, imejengwa juu ya GCC na msimbo wake unapatikana, lakini wateja wa anga wanalipia toleo linalotunzwa, msaada na ushahidi. Mkipata huria ya namna hii, iliyo na mwenye nyumba anayeuza risiti, mmepata nafuu ambayo programu funge haiwapi: msimbo mnao na makaratasi mnayo.

Hatua ya 4: Mkichagua huria, kateni kwanza

Maktaba nzuri ya mtandaoni imeandikwa iwafae watu wote. Ninyi mnahitaji vitendaji (vipande vya msimbo, kila kimoja na kazi yake) 6, yenyewe ina 200. Kila kitendaji mtakachobeba bila kukihitaji ni msimbo ambao hauna sharti nyuma yake, na mkaguzi atauliza uko humo kwa kazi gani. Msiseme "hautaitwa". Utoeni. Ukishindikana kutoka, basi mtawajibika kuandika kwamba umezimwa, umezimwa vipi, na mmethibitisha vipi kwamba hauwezi kuamka wenyewe. Tafuteni pia sehemu zinazoomba kumbukumbu ya kompyuta wakati programu inaendelea kukimbia, na vitendaji vinavyojiita vyenyewe. Hizo mara nyingi ndizo zinazolazimisha kuandika upya, na afadhali mjue siku ya kwanza kuliko mwezi wa nane.

Baada ya kukata ndipo inapokuja kazi yenyewe: kuandika mahitaji ya msimbo uliokwisha kuwepo. Inaruhusiwa, ila ina mtego. Mhandisi anakaa na msimbo kushoto na hati tupu kulia, anaona kauli inasema "kama x imezidi 100, rudisha sifuri", anaandika "Programu itarudisha sifuri x ikizidi 100". Majaribio yanapita yote. Alichothibitisha ni kwamba msimbo ni msimbo. Mahitaji yanapaswa kushuka kutoka kwenye mfumo, kutoka kwa yule anayejua kwa nini ni 100 na kwa nini ni sifuri. Kama hakuna mtu kwenye jengo anayeweza kulijibu hilo, maktaba hiyo haijawa yenu.

Nikuonyeshe kwa karibu MC/DC inadai nini, na inaacha nini. Sheria yake ni kwamba kila sharti ndani ya uamuzi lionyeshwe likiyageuza matokeo peke yake, mengine yakiwa yametulia. Chukua uamuzi huu, ambao nimeurahisisha, wa kuruhusu vibao vilivyo juu ya mabawa viinuke ndege ikishatua:

ruhusu = (mguu wa kushoto umebeba uzito NA mguu wa kulia umebeba uzito) AU magurudumu yanazunguka kwa kasi

Masharti ni matatu, majaribio ya chini kabisa ni manne:

1. Kushoto ndiyo, kulia ndiyo, kuzunguka hapana. Matokeo: ruhusu.
2. Kushoto hapana, kulia ndiyo, kuzunguka hapana. Matokeo: kataa.
3. Kushoto ndiyo, kulia hapana, kuzunguka hapana. Matokeo: kataa.
4. Kushoto hapana, kulia ndiyo, kuzunguka ndiyo. Matokeo: ruhusu.

Jaribio la 1 na la 2 yanauthibitisha mguu wa kushoto, la 1 na la 3 mguu wa kulia, la 2 na la 4 kule kuzunguka. Asilimia 100. Unafunga faili, unakwenda kula.

Sasa rudi kwenye jaribio la 2. Tarehe 14 Septemba 1993, A320 ya Lufthansa ilitua Warsaw kwenye njia iliyojaa maji. Mguu wa kulia uligusa chini kwanza, wa kushoto ukafuata sekunde 9 baadaye. Magurudumu yaliteleza juu ya maji badala ya kuzunguka. Kushoto hapana, kulia ndiyo, kuzunguka hapana: kataa. Programu ilikataa kama ilivyoandikwa, breki za ndege zikachelewa, ndege ikapita mwisho wa njia na kugonga tuta. Watu wawili walikufa. Hakuna kipimo cha msimbo ambacho kingelikamata hilo, kwa sababu sharti lenyewe halikuwa limeifikiria mvua ya siku ile. Ndiyo maana nasisitiza mahitaji yasinakiliwe kutoka kwenye msimbo wa mtu ambaye hakuwahi kuifikiria ndege yenu.

Na kama mtu kwenye kikao atasema "lakini maktaba hii imetumika miaka kumi na mamilioni ya watu", mkumbushe Ariane 5. Si ndege, ni roketi, lakini somo linahama bila pasipoti. Tarehe 4 Juni 1996 iliharibika angani sekunde kama 40 baada ya safari kuanza, kwa sababu sehemu ya programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4, iliyokuwa imefanya kazi vizuri huko, ilijaribu kuibana namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mwingine. Historia ya matumizi hukubalika kama ushahidi wa ziada, lakini lazima uonyeshe kwamba mazingira yale yanafanana na yenu na kwamba hitilafu zilikuwa zinahesabiwa muda wote. Maktaba nyingi za mtandaoni hazina rekodi ya saa za kazi. Zina nyota za mashabiki tu.

Hatua ya 5: Mkichagua funge, vita ni kwenye mkataba

Hapa nina kovu langu. Timu niliyokuwamo ilinunua maktaba funge ya mawasiliano kutoka kampuni ambayo sitaitaja, pamoja na "kasha kamili la ushahidi wa kiwango cha B". Kasha lilifika, kurasa nyingi, nadhifu. Wiki ya tatu msichana mmoja wa uhakiki aliinua mkono na kusema matokeo yote ya majaribio yalifanywa kwenye kichakataji kingine, sio chetu, na kwa kompaila nyingine. Tulipouliza, tuliambiwa ya kwetu yanapatikana, kwa bei tofauti. Mkataba ulikuwa umesema "kasha kamili". Haukusema kamili kwa nini.

Kwa hiyo andikeni kwa majina: kichakataji hiki, kompaila hii na toleo lake, vigezo hivi vya kompaila, toleo hili la maktaba. Andikeni kwamba muuzaji atawapa orodha ya hitilafu zinazojulikana, na kila mpya inayogunduliwa, kwa muda wote bidhaa yenu iko hewani; bila kifungu hicho hitilafu itagunduliwa kwa mteja mwingine na ninyi mtaisikia mwisho. Andikeni kwamba mkaguzi wa mamlaka anaweza kwenda ofisini kwa muuzaji kuuona msimbo na rekodi, hata kama ninyi hamruhusiwi. Wauzaji wazoefu wanakubali bila kelele. Anayekataa amewajibu swali ambalo hamkuwa mmeliuliza.

Halafu umri. Ndege huruka miaka 30 na zaidi. Kampuni za programu huuzwa, huunganishwa, hufa. Dai msimbo uwekwe amana kwa mtu wa tatu, pamoja na zana za kuujenga, na amana ifunguke kampuni ikifilisika au ikiacha kuitunza bidhaa. Amana ya msimbo bila zana ni sufuria bila jiko.

Hatua ya 6: Gandisheni toleo, lakini msigandishe masikio

Jumuiya ya programu huria inakimbia; ninyi mmesimama. Hilo ni sawa. Chukueni nakala ya toleo moja, iingizeni kwenye hifadhi yenu, ipeni namba yenu, na kuanzia hapo ni msimbo wenu. Msivute mabadiliko moja kwa moja kutoka mtandaoni, hata liwe la herufi moja. Kila badiliko linapitia uchambuzi wa athari: limegusa mahitaji gani, majaribio yapi yarudiwe.

Ila kila mwezi mtu mmoja, mwenye jina kwenye orodha ya kazi, asome hitilafu mpya zilizoripotiwa kwa maktaba ile na aandike kwa kila moja: inatuhusu au haituhusu, na kwa nini. Kazi hii inachosha. Hapa ndipo huria inaipita funge kwa mbali, maana hitilafu ziko hadharani. Lakini ziko hadharani kwa mwenye nia mbaya pia, na kifaa chenu kikigusa mtandao wowote mtakutana na hati nyingine, DO-326A ya usalama wa mitandao, ambayo nayo itawauliza mnafuatilia vipi.

Msidhani funge inawaepusha na hitilafu za kijinga. Mwaka 2015 FAA iliamuru waendeshaji wa Boeing 787 wazime umeme wa ndege mara kwa mara, kwa sababu kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta kingefurika baada ya siku 248 za kuwashwa mfululizo na umeme wote ungeweza kukatika. Chukua 2 kwa kipeo cha 31, ugawanye kwa mia, upate sekunde, kisha uzigeuze siku. Utaipata 248 na nusu. Mwaka 2017 EASA ikatoa amri ya kuzima na kuwasha A350 fulani kabla ya saa 149. Ongezeni kwenye orodha yenu ya ukaguzi: kila kihesabio, kinafurika lini, na kikifurika nini hutokea. Dakika kumi kwa kila kimoja.

Hatua ya 7: Leseni

Hatua fupi, lakini mwiteni mwanasheria. Leseni za aina ya BSD na MIT hazina shida kubwa: tunzeni majina ya wenyewe. GPL, leseni nyingine ya huria, haikulazimishi kuutangazia ulimwengu msimbo wako. Inakulazimisha kumpa yule uliyempa programu, yaani mtengeneza ndege au shirika la ndege, pamoja na haki ya kuubadilisha. Wakubwa huogopa wakisikia hivyo: "Shirika litabadilisha programu ya ndege?" Haki ya leseni na ruhusa ya kuruka ni vitu viwili. Akibadilisha, ndege hiyo haina tena idhini mpaka badiliko lipite kwenye njia ile ile. Kinachouma kweli ni pale msimbo wenu wa siri umeunganishwa na GPL kwa namna inayoufanya nao uwe chini ya GPL. Hilo liamueni siku mnayochora usanifu.

Hatua ya 8: Mwambieni mkaguzi mapema

Mpango wa uidhinishaji wa programu, unaoitwa PSAC, ndio mkono wa kwanza mnaompa mkaguzi. Andikeni humo bila aibu: tunatumia maktaba fulani, huria, toleo fulani, tumeikata hivi, mahitaji tunayaandika sisi, majaribio ni yetu, hitilafu tunazifuatilia kila mwezi. Mkaguzi hukutana na mradi kwa kawaida mara nne: mipango, utengenezaji, uhakiki, na mwisho. Programu huria iliyotajwa kwenye mkutano wa kwanza ni mada ya mazungumzo. Ikigunduliwa kwenye wa tatu, inakuwa jambo jingine kabisa, na mara nyingi si maktaba tu itakayochunguzwa tena.

Kwa wasomaji walioko Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe: ushahidi wa muundo wa ndege kubwa hupimwa kwanza na mamlaka ya nchi ilikobuniwa, FAA kwa Boeing, EASA kwa Airbus. Lakini kazi ya kuandika majaribio na kuyafungia kwenye mahitaji haihitaji kufanyika huko. Kwa droni, ArduPilot na PX4, zote huria, ni shule nzuri na kwa safari za hatari ndogo mara nyingi hamtaulizwa DO-178C. Msichukue tu mazoea ya droni ya shambani mkayapandisha kwenye ndege yenye watu.

Sasa ile sababu niliyoiahidi. Miongoni mwa rekodi za mwisho kuna orodha ya mazingira: kompaila ipi, toleo lipi, vigezo vipi, juu ya mfumo endeshi upi. Miaka 15 ijayo mtu ambaye leo yuko darasa la tatu ataombwa arekebishe mstari mmoja. Zana funge inaweza kumdai leseni kutoka kwa seva iliyozimwa zamani. Zana huria iko kabatini, na msimbo wake pia. Kwa hiyo kabla hamjatia sahihi, tafuteni kompyuta safi isiyo na kitu, mpeni mtu ambaye hakuwa kwenye mradi, aijenge programu nzima kwa kufuata orodha hiyo peke yake, mlango ukiwa umefungwa na simu zenu mmezima. Kisha linganisheni faili lake na lile mlilompelekea mkaguzi, baiti kwa baiti. Ikitofautiana moja, itafuteni kwanza.